Kabla ya kuiflashi simu ya mtumba, soma herufi yake ya mwisho

Chukua Samsung Galaxy S9 mbili zilizopangwa kwenye kabati moja la kioo pale Kariakoo. Rangi ni ile ile, umbo ni lile lile, bei zinakaribiana. Moja itakubali kuwekewa mfumo mpya na kukusogeza miaka kadhaa mbele. Nyingine itagoma, hata umpelekee fundi gani. Kinachozitofautisha ni herufi moja mwishoni mwa jina la modeli: SM-G960F na SM-G960U.

Wanaokwama wakati wa kuflashi, yaani kuiwekea simu mfumo mpya, hulaumu faili walilopakua, waya wa USB, kompyuta, au fundi. Lakini simu ya mtumba huja na mambo yake kutoka huko ilikotoka: ilitengenezwa kwa ajili ya soko lipi, nani aliimiliki, na ndani yake kulifanywa nini. Usipoyajua hayo mapema, utahangaika usiku kucha na tatizo ambalo halina dawa.

Sababu ya kuhangaika ipo. S9 ilitoka mwaka 2018 ikiwa na Android 8, ikafikishwa Android 10, basi. Kamera yake bado nzuri na kasi bado inatosha, ila mfumo umezeeka. Hapo ndipo watu hukimbilia LineageOS, mfumo wa bure unaotengenezwa na watu wa kujitolea. Ulianza Desemba 2016 baada ya mradi wa CyanogenMod kufungwa, na hadi leo unazipa simu za zamani matoleo mapya ya Android.

F au U?

Mteja akifika na kusema, “Fundi, nimeiflashi imegoma,” fundi mzoefu haulizi faili limetoka wapi. Huuliza, “Ni F au U, bosi?”

F ni simu ya soko la kimataifa, Afrika na Ulaya zikiwemo, na inatumia prosesa ya Exynos. U ni ya Marekani, inatumia Snapdragon, na butiloda yake imefungwa. Butiloda ni ile programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa na kuamua mfumo upi uruhusiwe kuingia. Kwenye U, Samsung hawakumwachia mnunuzi njia ya kuifungua. S9 za Japani, zenye majina kama SC-02K na SCV38, nazo hazina nafasi kwenye orodha ya LineageOS.

Usiamini boksi wala maandishi ya mfuniko wa nyuma, maana mfuniko hubadilishwa. Zima simu, kisha bonyeza kwa pamoja kitufe cha kupunguza sauti, cha Bixby na cha kuwashia. Kwenye skrini itakayotokea, modeli halisi imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Hapo hapo tazama mstari wa dhamana: ukisomeka 0, haijawahi kuwekewa mfumo usio wa Samsung, ukisomeka 1, kuna aliyekutangulia. Namba hiyo hairudi nyuma, kwa sababu inapobadilika fyuzi ndogo ndani ya chipu huungua. Simu yenye 1 haitatumia tena Samsung Pay wala Folda Salama.

Kitufe kisichoonekana

Una F mkononi, umegusa namba ya muundo mara saba kufungua menyu ya wasanidi, lakini kitufe cha kuruhusu butiloda kufunguliwa (OEM unlock) hakipo. Ukilazimisha, simu inaandika kwa rangi nyekundu kwamba inapokea mafaili rasmi tu. Hiyo si simu mbovu. Ni ulinzi wa Samsung unaoanza kuhesabu upya simu inaporudishwa kiwandani, na huchukua siku saba. Weka laini, iache na intaneti, usiizime, subiri. Mwenye pupa hadiriki kula tamu: wengi huifuta tena siku ya tatu na hesabu inaanza mwanzo.

Kufuli la Google ni jambo jingine kabisa. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa bila akaunti kuondolewa hudai nywila ya mwenye nayo wa zamani. Kama muuzaji hawezi kuiondoa mbele yako, simu hiyo huenda imeibwa. Iache.

Inapogomea katikati

Makosa matatu hujirudia. La kwanza liko kwenye Odin, programu ya kompyuta inayopeleka rikava ndani ya simu; rikava ni programu ndogo ambayo kupitia kwayo mfumo mpya huwekwa. Ukiacha alama ya simu kujiwasha yenyewe, mfumo wa Samsung huamka na kuifuta rikava uliyoweka muda huo huo. Ondoa alama hiyo, kisha ingia rikava kwa vitufe kabla simu haijapata nafasi ya kuwaka.

La pili ni kusahau kufuta data yote. Data ya zamani imefungwa kwa ufunguo ambao mfumo mpya hauna, hivyo simu huzunguka kwenye nembo bila kufika popote. Uwakaji wa kwanza kwa kawaida hauzidi dakika 15. Ukizidi hapo, rudi rikava ufute.

La tatu ni kukata tamaa mapema. Wakati wa kupeleka mfumo kwa waya, kompyuta inaweza kusimama kwenye asilimia 47 na kuandika kwamba imeshindwa, sababu ya kushindwa ikiwa ni “mafanikio”. Kichekesho hicho kimewafanya wengi wachomoe waya, ilhali kazi ilikuwa imekamilika. Itazame skrini ya simu, maana ndiyo inayosema kweli. Vivyo hivyo programu za Google zinapokataliwa kwa kukosa sahihi inayotambulika: kubali ziendelee, maana hazikusainiwa na LineageOS. Ila ziwekwe kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Ukichelewa utalazimika kufuta tena.

Baada ya kuwaka

Piga *#06# uone IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Ikiwa tupu, laini haitashika mtandao. Anayekuahidi kukuandikia namba nyingine anakuingiza kwenye kosa la jinai, kwa kuwa sheria ya mawasiliano ya Tanzania ya mwaka 2010 inakataza kuchezea namba hiyo. Na tangu Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilipozima simu bandia, IMEI isiyotambulika haina maisha marefu mtandaoni. Ndiyo maana namba hiyo huangaliwa kwanza dukani: itume kwenda 15090 kabla hujalipa, siyo baada.

Jiandae pia kwa programu za benki. Nyingi hukagua kama butiloda imefunguliwa na zinaweza kukataa kufunguka. M-Pesa ya *150*00# haijali, maana inapita kwenye mtandao wa simu.

Ukaguzi wote huu unachukua dakika chache kwenye kaunta ya muuzaji: modeli, mstari wa dhamana, akaunti ya Google, IMEI. Kama F imekosekana na U ndiyo iliyokuvutia, inunue tu, lakini ilipie kama simu itakayobaki na Android 10 hadi siku itakapokufa.