UNATAKA KUSOMA BIOLOJIA CHUO KIKUU? JUA MAMBO HAYA KWANZA



Vijana wengi wanaosoma sekondari kambini husema, "Nitasoma biolojia chuo kikuu ili niwe daktari." Nia hiyo ni njema. Lakini wengine hugundua wakiwa wamechelewa kwamba shahada ya biolojia peke yake haimfanyi mtu kuwa daktari. Karatasi hii inakueleza masomo hayo yakoje, yanaleta kazi gani, na uanzie wapi. Mifano yetu ni ya Tanzania. Ukiwa Kenya au Uganda, ulizia utaratibu wa huko.

Biolojia na udaktari ni njia mbili

Nchini Tanzania shahada ya sayansi katika biolojia huchukua miaka 3. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya kazi hospitalini. Mwanafunzi huingia udaktari moja kwa moja kutoka sekondari ya juu, akiwa amefaulu fizikia, kemia na biolojia. Kwa hiyo amua mapema. Ukiacha fizikia, ukachukua kemia, biolojia na jiografia, mlango wa biolojia bado uko wazi, lakini wa udaktari unakuwa mgumu sana.

Utasoma nini?

Utasoma chembe hai, urithi, mimea, wanyama, vijidudu, na jinsi viumbe vinavyotegemeana. Utasoma pia kemia na takwimu, maana mtafiti lazima ajue kuhesabu alichokiona. Saa nyingi utakuwa maabara au porini, si darasani tu. Masomo ni kwa Kiingereza. Wewe uliyesoma kwa Kifaransa Kongo au Burundi, anza Kiingereza leo. Usingoje barua ya chuo.

Kazi zinazopatikana

1. Ualimu. Ukichukua shahada ya sayansi pamoja na elimu, unaweza kufundisha biolojia sekondari. Popote penye shule, hapa au nyumbani, mwalimu wa sayansi anahitajika.

2. Maabara. Mwezi Mei 2015 kipindupindu kiliwaua wakimbizi kutoka Burundi waliokusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Ili kuthibitisha ugonjwa huo, vijidudu huoteshwa maabara kutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa. Hiyo ni biolojia kazini. Lakini angalia: kupima wagonjwa hospitalini kunataka shahada au stashahada ya maabara ya tiba, pamoja na usajili. Mwenye biolojia ya kawaida hufanya zaidi kazi za maabara za utafiti.

3. Utafiti wa wadudu na magonjwa. Taasisi ya Afya Ifakara huchunguza mbu waenezao malaria. Kule Nairobi kuna ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo.

4. Kilimo. Mihogo yako ikipata batobato au michirizi ya kahawia, anayeieneza ni inzi mweupe, na pia vipando vilivyotoka kwenye shamba lenye ugonjwa. Wanabiolojia ndio wanaotafuta mbegu inayostahimili.

5. Uvuvi na wanyamapori. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ina kituo Kigoma kinachochunguza samaki wa ziwa, wakiwemo dagaa na migebuka. Huko huko Kigoma, katika msitu wa Gombe, sokwe wamechunguzwa tangu mwaka 1960.

Tusifichane: Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inataka mkimbizi awe na kibali cha kazi. Shahada haiondoi sharti hilo. Lakini shahada ni mali yako. Ukirudi nyumbani au ukihamia nchi nyingine, unakwenda nayo.

Uanzie wapi?

- Tunza vyeti vyako. Vifunge kwenye nailoni, visilowe. Toa nakala, uiweke kwa mtu unayemwamini.

- Kama ulifanya Examen d'État ya Kongo au mtihani wa Burundi, cheti chako hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kazi hiyo huchukua muda. Anza kabla vyuo havijafungua maombi.

- Ulizia ufadhili wa DAFI. Ulianza mwaka 1992 kwa fedha za Serikali ya Ujerumani, na husimamiwa na UNHCR. Husaidia ada, vitabu, chakula, malazi na nauli. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo alama zako ndizo zitakazokutetea.

- Usimlipe mtu yeyote. Huduma za UNHCR ni bure. Anayekuomba pesa ili "akupitishie jina" ni mwizi, toa taarifa.

Wazazi, binti anayependa sayansi naye ana haki hiyo hiyo. Mpunguzieni foleni ya maji na kuni apate saa ya kusoma.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe jirani mwenye mtoto sekondari.