Mbona mbwa mpole mchana huwa mkali usiku?

Mchana watoto humvuta masikio naye hutikisa mkia tu. Usiku mtu wa nyumba hiyo hiyo akitoka kwenda msalani, mbwa humrukia kama hamjui. Wengi wanaofuga mbwa wamepatwa na jambo hili, na husema mbwa ameharibika.

Mara nyingi hajaharibika. Mbwa huona gizani kuliko binadamu, kwani nyuma ya macho yake mna utando unaorudisha mwanga, ule unaong'aa akimulikwa na tochi. Hata hivyo, hutegemea sana harufu na sauti kuwatambua watu. Anayenyata kimya akiwa amejifunika shuka huwa kwake mgeni. Basi mwite jina lake kabla hujamkaribia.

Mwingine huwa ameshtuliwa usingizini, akauma kabla ya kujua ni nani aliyemgusa. Mbwa mzee asiyesikia vizuri, mwenye mtoto wa jicho au maumivu ya viungo, hushtuka upesi zaidi. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo, asipigwe.

Kuna pia desturi yetu ya kumfungia mbwa kibandani kutwa nzima na kumfungua usiku, ati awe mkali. Mkali atakuwa, lakini mbwa asiyezoea watu hachagui kati ya mwizi na mtoto wa jirani.

Ukali wa namna hiyo una sababu unayoweza kuiona. Wa kuogopwa ni ule unaozuka kwa siku chache bila sababu: mbwa anauma hata vijiti na mawe, sauti imebadilika, anatokwa na udenda, anashindwa kumeza, anayumbayumba. Tena aliyekuwa mkali huweza kuwa mpole ghafla na kujificha kwenye giza. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa, ugonjwa ulioandikwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912. Mnamo 2014 serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo nao ifikapo 2030.

Mtu akiumwa, hata kama mbwa ni wa nyumbani, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Kisha nenda hospitalini usiku huo huo ukaulizie chanjo, na ukianzishiwa sindano, zimalize zote hata jeraha likipona. Dalili zikishamtokea binadamu, kama vile kuogopa maji, karibu kila mgonjwa hufa.

Je, mbwa auawe? Watu wengi hukimbilia rungu, na hapo hupoteza ushahidi. Akiweza kufungiwa bila kumhatarisha mtu, afungiwe na daktari wa mifugo amtazame kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya muda huo, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipouma. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ziishe ndipo aende hospitalini.

Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi 3, kisha kila mwaka. Cheti chake kiweke pahali utakapokipata hata usiku, kwani daktari atakiulizia.