Kabla ya Kununua Lenzi, Jua Safari Unayokwenda

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja wa kundi letu la wapiga picha alinivuta kando barazani akanionyesha simu yake. Alikuwa ameona tangazo la lenzi ya 70-200, iliyotumika, kwa bei aliyoiona ni ya bahati. "Ami, nikiuza pikipiki naipata leo leo," akaniambia. Pikipiki hiyo ndiyo bodaboda inayomlisha yeye na mamake.

Nilimwambia asiuze kitu mpaka tuzungumze. Kisha nikaona swali lake si lake peke yake. Tangu kamera za mitumba zijae madukani na simu zitutie uchu wa picha, vijana wengi wa Pwani wameingia katika starehe hii. Mimi mwenyewe nimo mwaka wa kumi na nne. Kundi letu ni la watu wa kawaida: karani, walimu wawili, fundi wa friji, dereva wa tuktuk. Kila mwezi twachanga petroli, twapanda Probox baada ya Alfajiri, twaenda kutafuta mandhari. Hakuna anayekula kwa picha, na hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka unapotoa pesa.

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2016 nilikuwa na lenzi mbili ndogo: ile ya 18-55 iliyokuja na kamera, na ya milimita 50. Nikashikwa na tamaa ya 70-200 yenye f/2.8, lenzi nene kama mkono wa mpingo, kwa kuwa nilimwona nayo mpiga picha wa harusi. Nikaziuza zote mbili. Pesa hazikutosha, nikakopa kwa simu. Mkopo wa riba, ndugu zangu, siufichi. Nililipa miezi mitano na kila mwezi niliona aibu mbele ya mke wangu, na mbele ya Mola wangu zaidi.

Ikaja Idi. Babangu, Mungu amrehemu, alikaa nyumba ya zamani Kibokoni, chumba chembamba chenye dari ya boriti. Akataka picha moja na wajukuu wote kumi na mmoja. Nikainua lile dude langu. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, na bado niliona nyuso tatu tu. Nikisogea, lenzi inakataa kushika, kwa sababu lenzi hiyo yataka kitu kiwe mbali nawe zaidi ya mita moja. Mwishowe binamu yangu alipiga kwa simu yake ya bei ndogo, chumba kina giza, picha ikatoka na chembechembe na mtoto mmoja kafumba macho. Babangu hakufika Idi iliyofuata. Hiyo ndiyo picha tuliyo nayo.

Kwa hivyo nikimwambia mtu "usikimbilie lenzi kubwa," sisemi kwa sababu ni ghali tu. Nasema kwa sababu lenzi ni jicho, na kila jicho lina linachoweza kuona na lisichoweza.

NAMBARI MBILI ZA KUELEWA

Ukiikamata lenzi yoyote utaona nambari mbili. Ya kwanza ni milimita. Nambari ndogo, kama 10 au 18, huona eneo pana: uchochoro wa Mji wa Kale kutoka ukuta hadi ukuta, au chumba kizima chenye wajukuu kumi na mmoja. Nambari ya kati, 35 hadi 50, hufaa watu na maisha ya kila siku. Nambari kubwa, 200 au 300, huvuta vya mbali: ndege, ndovu, ngalawa iliyo karibu na mwamba.

Ya pili huanza na herufi f. Hicho ni kipimo cha tundu linalopitisha mwanga, na kimekaa kinyume: nambari ikipungua, tundu hupanuka. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho hufunguka f/5.6. Ile ya milimita 50 ya bei nafuu hufunguka f/1.8, na hapo hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Ndiyo maana picha za ndani ya nyumba, za harusini usiku, au za sebuleni umeme ukipotea, hutoka safi kwa lenzi hiyo ndogo kuliko kwa zumu iliyogharimu maradufu.

Jambo la tatu halijaandikwa kwenye lenzi. Kamera nyingi za bei ya kwetu zina sensa ndogo kuliko ile filamu ya zamani ya milimita 35, kwa hivyo picha hukatwa pembeni. Milimita 50 kwenye Canon za aina hiyo huona kama 80, na kwenye Nikon kama 75. Ni nzuri kwa uso wa mtu, lakini katika chumba kidogo utabanwa. Kama nyumba zenu ni kama zetu, 35 itakufaa zaidi.

Na hakikisha mdomo wa lenzi waafikiana na kamera yako. Canon walianza mdomo wa EF mwaka 1987 na wa RF mwaka 2018. Lenzi ya EF yaweza kuvalishwa kamera ya RF kwa kiunganishi, lakini ya RF haikai kwenye kamera ya EF. Nikon nao, kamera zao ndogo za D3000 na D5000 hazina mota ya kushika fokasi ndani ya bodi. Ukizivalisha lenzi za zamani zisizo na mota yake, zitakaa sawasawa, ila utazungusha kwa mkono. Muuzaji wengi hawakuambii hilo.

LENZI YA MITUMBA NA UNYEVU WA PWANI

Ile 70-200 yangu ilikuwa na aibu nyingine. Baada ya wiki tatu nilimulika ndani kwa tochi nikaona nyuzi nyeupe, kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu. Muuzaji alijua. Tuliuziana usiku, ndani ya gari, naye akinihimiza kwamba kuna mteja mwingine njiani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na sisi Waislamu twakijua kisa cha Mtume (SAW) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta chini yake kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Mwenye kuuza lenzi yenye kuvu bila kusema amefanya lile lile.

Basi ukienda kununua, fanya hivi. Nenda mchana, mahali penye watu, na kamera yako mwenyewe. Mulika tochi kwa nyuma, utazame kwa mbele. Vumbi kidogo halina neno, utando na madoa ya ukungu ni sababu ya kuondoka. Zungusha pete zote: ukisikia mchanga unasaga, lenzi hiyo imekwenda ufuoni bila mwenyewe kujali. Angalia visu vya tundu visiwe na mafuta, na vile vishikio vya shaba visiwe na kutu. Kisha fungua tundu lote upige ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, uvute picha uone kama maandishi ya pembeni yanasomeka. Lipa kwa njia inayoacha ushahidi, na umwandikishe muuzaji nambari ya lenzi na jina lake.

Ukishaipata, ilinde. Adui wa lenzi Pwani ni unyevu na chumvi, na unyevu hupenda giza na hewa iliyosimama. Mkoba wa ngozi ndani ya kabati ndio shamba la kuvu. Nunua kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, utie vile vifuko vya silika jeli, na uvikaushe au uvibadilishe vikilowa. Itoe lenzi uitumie. Na ukisafiri kwa gari lenye kiyoyozi, usiichomoe kamera ghafla nje: kioo kitajaa ukungu papo hapo. Iache ndani ya mkoba robo saa izoee joto.

SAFARI YA SIKU MOJA

Njia bora ya kujua lenzi unayoihitaji ni kwenda safari na uliyo nayo. Mimi humpeleka kila mgeni wa kundi letu Mombasa hadi Malindi, kama kilomita 120, kisha Marafa.

Toka mapema, kwa sababu mbili. Foleni ya kuelekea Mtwapa mwaijua. Na jua letu huchomoza baharini na kutua bara: asubuhi ufuo una mwanga wa dhahabu, adhuhuri kila kitu huwa cheupe na kikavu, na jioni mwanga unatoka bara kuelekea bahari.

Vipingo, simama pembeni pa usalama utazame mkonge. Mistari imenyooka, na katikati imesimama mibuyu ambayo hakuna aliyethubutu kuing'oa. Hapa 18-55 yatosha kabisa. Ukifika Kilifi usipige picha ukiwa juu ya daraja. Kata uingie Mnarani, kwenye magofu yaliyo juu ya kilima, uone hori lote chini yako.

Gede wengi huchukua zumu kwa ajili ya tumbili. Mimi nasema chukua lenzi pana. Mji huo, uliohamwa karne ya 17 na kutiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, ni wa kuta, milango na mizizi. Ndani ya msikiti mkuu simama ukielekea kibla, uweke mihrabu katikati na mti nyuma yake. Na kumbuka ni msikiti, hata kama hauna paa.

Hori la Mida lipo karibu. Hapo ndipo lenzi ndefu ina kazi, kwa kuwa kuanzia Septemba hadi Aprili ndege wahamiaji hujaa. Lakini bila kujua maji, lenzi haitakusaidia. Maji yakipwa, ndege huwa mbali matopeni. Yakianza kujaa huwasukuma kuja karibu na mikoko. Kalenda yetu ya mwezi yatosha: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, na katikati yake ni maji mafu. Waulize wavuvi saa, watakwambia bila programu yoyote.

Malindi pumzika, swali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya kama u msafiri, kula. Kisha vuka Sabaki uelekee bara hadi Marafa, kwenye bonde ambalo wenyeji huliita Nyari. Lipa ada ya wenyeji kwa moyo mkunjufu. Fika kama saa moja na nusu kabla ya Magharibi, kwani hapo jua la chini hugonga kuta za udongo na rangi zake, nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu, hutoka zote. Weka f/8, ISO 100, shusha pumzi. Kama una lenzi pana, piga bonde. Kama una ndefu, piga tabaka moja tu. Kama una simu, piga vilevile.

Adabu za njiani ni chache. Kivukoni, kambi za askari na vizuizi vya polisi, weka kamera ndani. Mtu muombe ruhusa kwanza, na mama wa buibui akigeuza uso basi amekujibu. Ukimwahidi mtu picha, mpelekee.

JIBU LANGU KWA YULE KIJANA

Ukitaka mpangilio wangu, ni huu: anza na 18-55 mwaka mzima. Tazama picha zako unazozipenda, uone zilipigwa kwa milimita ngapi. Kamera huandika hilo kwenye kila picha. Kama nyingi ni za watu na ndani ya nyumba, nunua 35 au 50 ya f/1.8. Kama nyingi ni za ndege, na wewe kweli huenda Mida na Tsavo, weka akiba ya ndefu. Lenzi ya safari moja kwa mwaka azima kwa rafiki au changeni kundi zima. Usiuze inayofanya kazi kununua inayopendeza, wala usikope kwa riba kwa ajili ya starehe. Na chombo kinachokulisha hakiuzwi kununua chombo cha kuchezea.

Jumamosi iliyopita nilimwazima ile 50 niliyoinunua tena kwa shida. Amenitumia picha moja: mamake mbele ya karai, anaepua mahamri, mwanga wa dirisha umempata upande mmoja wa uso. Nilimwambia aende aichapishe leo, asingoje Idi. Alikwenda kwa pikipiki yake.