Lenzi ya Pembe Pana Migombani

Lenzi ya pembe pana, ambayo wauzaji wa vifaa vya picha huipendekeza kwanza kwa kila anayetaka kupiga mandhari, ndiyo inayoufanya Mlima Kilimanjaro uonekane mdogo, na mpiga picha anayesimama Moshi alfajiri, Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, ikiwa wazi kabla ya mawingu kuifunika, huligundua jambo hilo mara tu anapoitazama picha yake. Sababu ni ya hesabu, wala haihusiani na bei ya kifaa. Hata hivyo lenzi hiyohiyo, hasa ile ndogo isiyovutika, inafaa sana kwenye miteremko ya mlima huo, ilimradi ielekezwe kwenye kitu kingine badala ya theluji.

Kila lenzi hutambulishwa kwa urefu wa fokasi, yaani umbali, unaopimwa kwa milimita, kati ya kitovu cha lenzi na mahali ambapo miali itokayo mbali hukutana na kufanya taswira kali. Urefu huo ukiwa mfupi, lenzi huona eneo kubwa zaidi. Kwenye kamera yenye kihisi mwanga cha milimita 36 kwa 24, yaani kile kipande cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya filamu, lenzi ya milimita 50 huona nyuzi 40 hivi kwa upana, na ile ya milimita 28 huona nyuzi 65. Lenzi yenye urefu mmoja tu wa fokasi haivutiki kama zumu, hivyo anayetaka kitu kiwe kikubwa zaidi kwenye picha hana budi kutembea akisogelee.

Udogo wa lenzi za siku hizi umetokana na kuondolewa kwa kioo. Kamera za mtindo uliotangulia zilikuwa na kioo kilichoinamishwa nyuma ya lenzi ili kupeleka taswira kwenye jicho la mpiga picha, na kwa kuwa kioo hicho kilihitaji nafasi ya kuinuka, lenzi za Nikon za mfumo wa F zilifungwa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu. Lenzi ya milimita 28 haiwezi kufanya taswira kwa umbali huo bila kuongezewa vipande vya kuisukuma nyuma, navyo viliiongezea unene na uzito. Kamera isiyo na kioo humwonyesha mpiga picha taswira kwenye skrini, na katika mfumo wa Z wa kampuni hiyohiyo umbali uliotajwa umeshuka hadi milimita 16. Lenzi ya Canon RF ya milimita 28 iliyotoka mwaka 2023 ina uzito wa gramu 120, pungufu ya simu nyingi za mkononi. Wepesi huo una gharama yake, kwani lenzi nyingi za namna hii hupinda mistari na kutia giza kwenye kona, kisha programu iliyomo ndani ya kamera ndiyo inayonyoosha na kung'arisha.

Hesabu ya Kibo ni nyepesi. Kilele cha Uhuru, sehemu ya juu kabisa ya Kibo, kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari na Moshi iko kati ya mita 800 na 900, kwa hiyo tofauti ni takriban mita 5,000, ilhali umbali wa moja kwa moja kutoka mjini hadi kileleni ni kilomita 30 hivi. Kwa lenzi ya milimita 28, mlima mzima huchukua chini ya milimita 5 kwenye kihisi chenye kimo cha milimita 24, na mita 1,000 za mwisho, zile zenye miamba na barafu ambazo mgeni amezifuata, hazifikishi hata milimita moja. Macho ya binadamu hutia chumvi, kwa kuwa akili hukikuza kile inachokipenda. Anayetaka Kibo ijae kwenye picha akiwa Moshi atahitaji lenzi ya milimita 135 au zaidi.

Kazi ya lenzi pana iko vihambani. Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga linaloizunguka nyumba, hupandwa kwa tabaka: miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe anayelishwa zizini. Kule Marangu, Kibosho au Machame mimea hiyo imebanana kiasi kwamba mpiga picha akirudi nyuma hatua tatu ili apate nafasi, mgomba mwingine huingia mbele yake. Lenzi ya milimita 50 itapata tawi la mbuni na mkono wa mchumaji, lakini mpangilio wenyewe, ambao ndio ajabu ya mahali hapo, utabaki nje. Ile ya 28, kwa umbali wa mita mbili, humchukua mchumaji pamoja na mgomba ulio juu ya kichwa chake na mfongo unaopita miguuni pake, mfongo ukiwa ni mfereji wa asili unaoshusha maji ya mto kutoka juu ya mlima hadi mashambani.

Lenzi fupi pia hutoa ukali wa kina kirefu. Tundu la mwanga, ambalo ukubwa wake huandikwa kwa namba inayokwenda kinyume, likifungwa hadi f/8 na lenzi ya milimita 28 ikalengwa mita 3.3 mbele, vitu vyote kuanzia mita 1.7 hivi hadi upeo wa macho hutoka vikali vya kutosha. Tatizo ni kwamba kivuli cha migomba kina giza kuliko mtu anavyodhani, huku vipande vya anga vinavyopenya kati ya majani vikiwaka mno. Ni afadhali kupima mwanga kwa kufuata anga na kung'arisha vivuli baadaye, kwa sababu sehemu iliyoungua kwa mwanga haina kitu cha kurudishwa. Mawingu ya saa nne asubuhi, yanayomuudhi mtazama mlima, hapa ni neema, maana hulainisha tofauti hiyo.

Ukaribu una masharti. Sura ya mtu iliyowekwa ukingoni mwa picha hunyooshwa vibaya, na pua iliyo karibu sana na lenzi huvimba. Lililo zito zaidi ni kwamba kihamba ni nyumbani kwa watu, na pengine mahali walipozikwa wazee wao, kwa hiyo masale yaliyopandwa huenda yakawa alama ya mpaka au ya kaburi. Hodi, salamu na ruhusa hutangulia, na lenzi hii humlazimisha mtu kuzitoa kwa sababu haiwezi kuiba picha kwa mbali.

Kwa wapanda mlima faida kubwa ni uzito, maana kila gramu hubebwa na mtu, aghalabu na wapagazi wanaojiita wagumu. Lenzi moja isiyobanduliwa pia hukilinda kihisi dhidi ya vumbi la jangwa lililo kati ya Kibo na kilele kingine cha mlima huo, Mawenzi. Betri, ambazo kamera isiyo na kioo huzimaliza haraka na baridi huzidhoofisha, hukaa kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Urefu wa fokasi usiobadilika una manufaa mengine yasiyotajwa na matangazo ya biashara: picha zake hulinganishika. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler walipiga picha za kupimia zilizozaa ramani ya barafu ya Kilimanjaro, na watafiti waliolinganisha ramani hiyo na hali ya mwaka 2011 walikadiria kwamba asilimia 85 hivi ya barafu ilikuwa imetoweka. Vihamba navyo vinabadilika, kahawa iking'olewa na miti ya kivuli ikikatwa, na kipimo cha namna hiyo kinaweza kufanywa na yeyote mwenye lenzi moja na subira ya kurudi mahali palepale. Kamera huhifadhi yenyewe tarehe, saa na urefu wa fokasi. Jiwe aliposimama mpiga picha, kimo cha kamera na jina la mwenye kihamba aliyeruhusu ni vya kuandikwa kwenye daftari siku hiyohiyo.