Talaka Huvunja Ndoa, Haivunji Uzazi

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Msemo huu husikika sana katika harusi na katika sherehe za kuwapa watoto majina, lakini uzito wake hasa huonekana siku ile mume na mke wanapoachana, kila mmoja akashika njia yake, na watoto wakabaki upande mmoja. Hapo ndipo huzuka ugomvi wa pili, ambao mara nyingi huwa mrefu na mchungu kuliko ule uliovunja nyumba: nani atawalisha watoto, nani atawalipia ada ya shule, na yule asiyekaa nao atawaona lini.

Ndugu msomaji, jambo hili linawagusa askari wa jeshi na wa polisi kuliko watumishi wengi wengine, na sababu yake ni dhahiri. Askari hana makao ya kudumu. Leo yuko Mbarara, kesho anapokea amri ya uhamisho wa kwenda Moroto. Tangu mwezi wa Machi mwaka 2007, maelfu ya askari wa Uganda wamepelekwa Somalia kwa zamu kulinda amani, wakakaa huko miezi mingi mbali na jamaa zao. Ndoa ikivunjika katika hali kama hiyo, askari ndiye aghalabu anayekuwa mzazi wa mbali. Naye si baba peke yake, kwa maana wanawake nao wamo katika vikosi na katika vituo vya polisi, na wako miongoni mwao walioacha watoto wao kwa mume wa zamani au kwa bibi kijijini.

MADENI MAWILI

Ukisikiliza malalamiko ya wazazi walioachana, utasikia kauli mbili ambazo ni kama mwangwi wa kila mmoja. Baba husema, "Kwa nini nitoe pesa, na mtoto mwenyewe nafichwa?" Mama hujibu, "Kwa nini nimwonyeshe mtoto, na yeye hajatoa hata senti moja?" Kila mmoja anaona kuwa ameonewa, na pengine ni kweli ameonewa. Lakini wote wawili wamekosea hesabu. Matunzo si bei ya kumwona mtoto, wala kumwona mtoto si zawadi ya kulipa matunzo. Hayo ni madeni mawili mbalimbali, na mwenye kudai yote mawili ni mtoto. Baba anapozuia pesa ili kumkomesha mama, atakayelala njaa si mama. Mama anapomficha mtoto ili kumkomesha baba, atakayekosa baba ni mtoto.

Huu si ushauri wa wazee tu, bali ndio msimamo wa sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 31, imewapa mume na mke haki sawa wakati wa ndoa na wakati wa kuvunjika kwake, na imetamka kwamba kutunza na kulea watoto ni haki na pia ni wajibu wa wazazi. Kifungu cha 34 kimempa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kutunzwa nao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unaeleza katika kifungu cha 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi mmoja ana haki ya kuonana na wazazi wake wote wawili mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo kuonana huko kutamdhuru. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka huohuo wa 1990, unasema vivyo hivyo katika kifungu cha 19. Angalia vizuri, ndugu msomaji: mikataba hiyo haikusema ni haki ya baba au haki ya mama. Imesema ni haki ya mtoto.

Matunzo nayo yameelezwa katika Sheria ya Watoto iliyotungwa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2016. Mzazi anawajibika kwa chakula, mavazi, malazi, matibabu, chanjo na elimu ya mtoto wake. Wajibu huo haukomi kwa sababu ndoa imekoma, wala kwa sababu mzazi ameoa au ameolewa kwingine. Jirani zetu wamefika mahali hapo hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imewabebesha baba na mama wajibu sawa, wawe walioana au hawakuoana. Katika sheria ya Kiislamu pia mambo haya mawili yametengwa tangu zamani: mtoto mdogo huweza kukaa katika malezi ya mama, na nafaka yake ikabaki juu ya baba.

HASIRA NI HASARA

Tuchukue mfano wa koplo mmoja, ambaye tunamtaja kwa ajili ya kufundishana tu. Ameachana na mkewe, na mahakama imeamuru atoe shilingi 150,000 kila mwezi kwa ajili ya binti yao wa miaka minne. Anahamishwa kwenda mbali. Kila anapopiga simu anaambiwa mtoto amelala, mtoto yuko shuleni, mtoto hataki kusema. Koplo anakasirika, anaacha kutuma pesa. Baada ya miezi minane deni limefika shilingi 1,200,000. Siku anapokwenda mahakamani kulalamika kwamba ananyimwa kumwona binti yake, anakuta kwamba yeye ndiye mshtakiwa. Lalamiko lake lilikuwa la haki kabisa, lakini amelifunika kwa kosa lake mwenyewe, na sasa inambidi kwanza ajieleze kuhusu deni.

Hasara ya pesa, hata hivyo, ndiyo iliyo ndogo. Miezi minane kwa mtu mzima ni kipindi cha kupita. Kwa mtoto wa miaka minne ni sehemu kubwa ya maisha anayoyakumbuka. Koplo anapopata likizo na kufika mlangoni na mfuko wa mkate na sukari, binti anajificha nyuma ya bibi yake. Hakufundishwa chuki. Amesahau tu. Mzazi wa namna hiyo asimlaumu mtoto, wala asimbebe siku ileile kumpeleka mahali asipopajua. Na aketi hapo hapo barazani, aje tena kesho yake na kesho kutwa, mpaka sura yake izoeleke. Haba na haba hujaza kibaba.

NJIA YA KUFUATA

Njia ya kwanza na iliyo bora ni mapatano. Wazazi wakutane mbele ya wazee wa pande zote mbili, au mbele ya afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, waandike mambo matatu: kiasi cha matunzo, siku ya kulipwa, na nyakati za mzazi wa mbali kumwona mtoto. Askari asikubali maneno ya jumla kama "utamwona kila unapotaka", kwa kuwa kazi yake haimpi nafasi kila anapotaka. Na aombe nyakati zinazolingana na likizo zake: siku kadhaa mfululizo wakati shule zimefungwa, na simu katika siku na saa maalumu anapokuwa kazini. Siku hizi simu zinaonyesha hata sura, na mtoto anayemwona baba yake kila Jumapili katika kioo cha simu hatamkimbia akija.

Mapatano yakishindikana, iko Mahakama ya Familia na Watoto katika kila wilaya. Mama, baba au mlezi anaweza kuomba amri ya matunzo, na mahakama inaweza pia kuamua mtoto akae na nani na kwa masharti gani. Hakimu katika uamuzi wake hatazami ni nani aliyemkosea mwenzake katika ndoa. Anatazama kwanza ustawi wa mtoto: mahitaji ya mwili, ya moyo na ya elimu, umri wake, matakwa yake kwa kadiri ya ufahamu wake, madhara yaliyompata au yanayoweza kumpata, na uwezo wa kila mzazi. Kwa hiyo yule anayekwenda mahakamani kumwaga matusi juu ya mwenzake anapoteza muda. Afadhali aeleze mtoto atalala wapi, atakula nini, na nani atabaki naye wakati mzazi yuko zamu ya usiku.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Pesa zinazotolewa mkononi bila shahidi ni mzizi wa fitina. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza nchini mwaka 2009, na faida yake moja ni kwamba kila shilingi inaandikwa pamoja na tarehe yake. Mzazi atume kwa njia hiyo au kwa benki, na ada ailipe moja kwa moja shuleni akaweke stakabadhi. Mzazi anayepokea naye na akubali kwa maandishi. Hivyo hapatakuwa na mtu wa kusema "sikupokea", wala wa kusema "nilituma" hali hakutuma.

Jambo la tatu ni kwamba kiasi cha matunzo hakikuchongwa katika jiwe. Katika nchi jirani ya Tanzania, sheria moja iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, juu ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kikaendelea kuwa katika vitabu mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipokuja, wakati shilingi 100 hazikutosha hata mlo mmoja. Amri ya mahakama ya Uganda inaweza kubadilishwa hali inapobadilika. Mshahara ukipungua, au mtoto akiingia shule ya sekondari, anayehusika arudi kwa hakimu aombe kiasi kitazamwe upya. Kujipunguzia mwenyewe ni kuvunja amri. Kadhalika, askari anayejua atapelekwa nje ya nchi apange mapema, kwa maandishi, jinsi pesa zitakavyomfikia mtoto kila mwezi. Asisubiri mpaka gari limekwisha kuwashwa.

WAJIBU WA POLISI

Askari polisi wanaguswa na jambo hili mara mbili, kwa kuwa wao pia hupokea mashtaka ya watoto waliotelekezwa, na ndiyo sababu polisi ina Kitengo cha Kulinda Watoto na Familia. Anayepokea shtaka kama hilo na akumbuke kwamba mbele yake wamesimama wawili, lakini mwenye haki ni wa tatu, ambaye pengine yuko nyumbani. Asimkejeli baba anayelia kwamba amenyimwa mtoto, eti huo si ugomvi wa kiume. Wala asimfukuze mama anayedai matunzo kutoka kwa askari mwenzake kwa kumhurumia mwenzake huyo. Sare si kinga ya kukwepa chakula cha mtoto. Tena mzazi asitumie sare wala marafiki wa kituoni kumchukua mtoto kwa nguvu. Mtoto anayechukuliwa mbele ya askari wenye silaha hatasahau siku hiyo, na aliyemchukua ataonekana machoni pake kama mtekaji.

Iko hali moja ya tahadhari. Pale ambapo mzazi alikuwa akimpiga mtoto au kumdhuru, kuonana kwao kunaweza kuwekewa mipaka, au kufanywa mbele ya mtu wa tatu, au kuzuiwa kabisa. Lakini uamuzi huo ni wa mahakama baada ya kusikiliza ushahidi. Si wa mzazi mmoja kwa hasira zake.

MILA NA UKOO

Katika makabila mengi yetu mtoto huhesabiwa kuwa wa ukoo wa baba, na wako watu wanaosema kwamba aliyetoa mahari amekwisha maliza habari ya watoto. Mawazo hayo yamewaumiza akina mama wengi, wakaogopa kuondoka hata katika ndoa ya mateso. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi iliamua kwamba desturi ya kurudisha mahari ndoa inapovunjika inapingana na Katiba. Mtoto kuwa na jina la ukoo wa baba ni jambo jema, lakini jina halimfungii mama mlango. Mama askari aliyeacha watoto kwa baba yao ana haki ileile ya kuwaona, na ana wajibu uleule wa kuchangia matunzo kwa kadiri ya mshahara wake.

Ndugu askari, umefundishwa kulinda lindo lako hata usiku wa mvua, bila kuuliza kama yupo anayekushukuru. Ulezi wa mtoto aliye mbali ni lindo la namna hiyo. Tuma matunzo hata mwezi ule ulioudhiwa. Piga simu hata ile ambayo haikupokelewa jana. Dai haki ya kumwona mwanao kwa njia ya sheria, na stakabadhi zako zikiwa mkononi. Nawe uliyebaki na mtoto, usimfanye rehani. Miaka kumi na minane hupita upesi, na siku moja mtoto huyo atauliza mwenyewe ni nani aliyemtafuta na ni nani aliyemficha. Hapo kila mzazi atajibu kwa matendo yake.