Rangi Yako na Rangi ya Mnunuzi

Katika vikundi vya kushona mablanketi ya viraka tumeona ugomvi mmoja mara nyingi: rangi. Huyu anapenda nyekundu, yule anasema ni kali mno. Wengine hata wanatoka kikundini. Je, nani afuatwe?

Tujifunze kwa akina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi huko Alabama. Wao walitumia nguo kuukuu za shamba, na kila mama alipanga rangi alivyopenda. Mwaka 1966 akina mama wa sehemu hiyo walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee. Sasa wanunuzi walitaka kazi zifanane. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliwapa oda ya foronya za kodrai, rangi zikiwa zimechaguliwa tayari. Walishona walivyoagizwa, wakalipwa. Lakini mabaki ya kodrai waliyapeleka nyumbani, na huko kila mmoja akashona apendavyo. Mwaka 2002 mablanketi yao ya nyumbani yalionyeshwa katika jumba la makumbusho mjini Houston, yakasifiwa sana.

Basi, kazi ya oda ifuate mnunuzi. Kubalianeni rangi kabla ya kukata, na katibu aandike kwa kitabu. Kazi yako ya nyumbani ifuate moyo wako.

Lakini kitambaa nacho kina sheria yake. Kinachochuja rangi kifuliwe kwanza peke yake. Kizito kisishonwe na chepesi, maana chepesi kitapasuka mapema.

Mkutano ujao, kila mmoja alete kiraka anachokipenda, aseme ni kwa nini.