Je, Wajua? Kutoka Hagadera Hadi Eastleigh

Mkimbizi wa Hagadera, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 katika Kaunti ya Garissa, huhitaji kibali cha maandishi ili asafiri Nairobi, hata kama amezaliwa kambini. Wasomali wengi waliofika jijini mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi wakiwa peke yao, walielekea mtaa wa Eastleigh, walikopata lugha yao, chakula chao na watu wa ukoo. Mfano bora wa jinsi walivyoanza maisha huko ni Garissa Lodge, nyumba ya wageni mtaani humo. Wageni walipanga vyumba vya gesti hiyo wakauza nguo humo mchana. Usiku bidhaa zilisukumwa chini ya kitanda, chumba kikarudi kuwa cha kulala. Hivyo wasafiri wasiojuana wakawa majirani wa biashara, na gesti ikageuka jengo la kwanza la maduka ya aina hiyo Eastleigh.